Sindano za Kichina Arusha: sindano ziko poa, mashine na maboksi ya dawa mimi sitaki

Niweke nyota mapema mwenye haraka aondoke nazo. Sindano zenyewe nyota nne. Usafi tano. Yule dada anayetafsiri tano na chenji juu. Ile biashara yao ya mashine ya kupima mwili mzima na maboksi ya dawa sifuri, na kama kungekua na nyota za kudaiwa ningewadai. Jina la kliniki siliweki maana nina lawama nao na sitaki maneno, ila ni Arusha, upande wa Njiro, na watu wa mgongo mji huu wengi mshaijua tayari.

Mi ni dereva guide. Mnaoijua ile njia ya kutoka geti la Naabi kuingia Seronera hamhitaji maelezo, barabara imejaa mawimbi mawimbi, ukienda taratibu inakutikisa meno ukikimbia inakutikisa kiuno, na mgeni huko nyuma anacheka anasema anapata masaji ya bure. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi uko kwenye usukani toka giza la asubuhi, ukifika loji unashusha mabegi, tairi ikipasuka ni wewe na jeki. Kiuno kikaanza kuuma upande wa kulia, halafu maumivu yakaanza kushuka, kwenye tako, nyuma ya paja, mpaka kwenye kigimbi, na vidole vya mguu vinaingia ganzi nikikanyaga mafuta muda mrefu. Hospitali wakanipiga picha wakasema diski ya chini kule imetokeza kidogo inagusa neva, nikapewa diklofenaki, vidonge vya maumivu, na karatasi ya mazoezi. Sina neno na hospitali, walifanya sawa. Ishu ni kwamba diklofenaki tumbo langu haliitaki, na sizoni ilikua imeshaanza, sa hapo umwambie bosi unapumzika?

Na kabla hujasema huyu jamaa anaamini kila kitu, mimi ni wa kile kizazi kilichopeleka watu Samunge 2011. Loliondo, kwa Babu Mwasapile, kikombe cha dawa shilingi 500, foleni ya magari inalala porini. Nimebeba wagonjwa mule, nimeona waliorudi na furaha zao na nimeona walioacha dawa za hospitali na baadae tukaenda kuwazika. Kwaiyo nikiingia sehemu ya tiba mbadala naingia na macho mawili, moja la mgonjwa na moja la mtu aliyeshaona mambo.

Bei. Kumuona daktari elfu 20, sindano elfu 40 kila unapokwenda, ukilipia kumi kwa pamoja wanakufanyia laki tatu na nusu. Usilipie kumi siku ya kwanza hata wakubembeleze vipi, jaribu chache kwanza usikie mwili wako unasemaje. Bima hawapokei. Ukutani wana cheti cha usajili cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, hiki ndo kitu cha kwanza cha kuangalia popote utakapoenda, maana sheria ipo tangu 2002 na wanaochoma watu sindano vyumba vya nyuma bila usajili wapo. Pembeni ya cheti kuna bango kubwa linasema UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, waliipokea akupancha, yaani hizi sindano za Kichina, 2010. Ni kweli waliipokea, ila kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na hapo hakuna aliyepima kama inatibu kiuno. Lile bango limewekwa kwa akili.

Daktari ni mama wa Kichina, mtu mzima, Kiswahili anachojua ni "karibu" na "pole sana" na "hapa?" akikubonyeza. Mengine yote anapitishia kwa nesi mmoja wa Kitanzania, na huyu dada ndo nimempa tano na chenji, maana anatafsiri bila kuongeza chumvi na ukiuliza swali la kijinga hakuchoki.

Kitu kilichonifurahisha ni maswali. "Kaka, daktari anauliza, hapo panapouma ukiweka kitu cha moto unapata nafuu au panazidi?" Panapata nafuu. "Asubuhi na jioni lini panauma zaidi?" Asubuhi. Unasikia kiu? Unapenda maji ya moto au ya baridi? Jasho la usiku? Unaamka kukojoa? Unalala vizuri? Miguu inakua ya baridi? Katika maisha yangu yote ya kuumwa hamna mtu alishawahi kuniuliza kama napenda maji ya moto au ya baridi. Halafu akashika mkono, vidole vitatu kwa mpigo pale kwenye mapigo ya damu, kwanza juu juu, baadae anakandamiza ndani, akahamia mkono wa pili akarudia vile vile. Wanaamini kila kidole kinasoma kiungo chake, mkono huu moyo, ini na figo, mkono ule mapafu, wengu na figo tena. Kisha ulimi, toa ulimi, geuza, akaangalia rangi na utando juu yake na pembeni kama una alama za meno.

Jibu likaja: baridi na unyevunyevu vimeingia kwenye njia ya mgongo, mzunguko umekwama, na figo zimechoka. Hapo kwenye figo nilishtuka, jirani yangu anasafishwa damu Moshi, nikajua na mimi yamenikuta. Dada akacheka, "Hapana kaka, sio figo za kupima maabara." Kumbe kwenye tiba yao figo ni kundi zima la kazi za mwili, mifupa, kiuno, nguvu za uzazi, hata masikio yamo humo humo. Kwaiyo ukienda ukaambiwa ini lako lina hasira au figo zimepungukiwa usikimbie kuandika wosia, na vile vile usichukulie hicho kama kipimo, kama una wasiwasi na figo nenda kapime damu na mkojo.

Kuhusu baridi, bibi yangu wa Machame angemkumbatia yule daktari. Sisi wote wa huku tumelelewa na hilo somo, vaa sweta baridi itakuingia kwenye mifupa, usikae kwenye sakafu, usioge usiku mwezi wa saba. Wachina wameliandika hilo na kulijengea mfumo: upepo, baridi, unyevu, joto, ukavu, kila kimoja kikiingia mwilini kinaleta maumivu ya aina yake. Ya upepo yanahama hama, ya baridi yanakaa sehemu moja na kuuma kwa kukaza, ya unyevu yanaleta uzito. Mwenye kuishi Arusha mwezi wa saba, ukungu wa Meru mpaka saa nne, hawezi kubisha sana hata kama sayansi yake haijakaa vizuri.

Sasa msingi wenyewe, kwa jinsi nilivyoelewa nikiwa nimelala kifudifudi na baadae nikasoma mwenyewe kwenye simu. Wanasema kuna nguvu ya uhai, wanaiita qi, wanatamka "chi", inatembea mwilini kwenye njia kuu 12, kila njia imepewa jina la kiungo, halafu kuna mbili za katikati, moja mbele moja mgongoni. Wachagga tutaelewa haraka, ni mfongo: maji yanatoka juu mlimani yanagawanywa shamba kwa shamba, kukiziba juu kwa fulani migomba ya chini inakauka na kwa jirani kunafurika, na fundi hamwagi maji mapya, anakwenda pale palipoziba anapazibua. Sindano ndo hiyo jembe. Juu ya hapo wana yin na yang, baridi na moto, ndani na nje, pumziko na mwendo, mwili mzima ni hivyo viwili kutozidiana, na wana elementi tano, mbao, moto, udongo, metali, maji, ini ni mbao, moyo moto, wengu udongo, mapafu metali, figo maji, kila kimoja kinalea kingine na kinadhibiti kingine. Hapo kwenye elementi tano mimi niliwaachia wenyewe.

Haya yote yameandikwa kwenye kitabu chao cha zamani sana, Huangdi Neijing, kina zaidi ya miaka 2,000. Ila msidhani Wachina wenyewe walikua kitu kimoja siku zote, mwaka 1822 mfalme wao aliifuta akupancha kwenye chuo cha tiba cha ikulu, ikaja kupewa nguvu na serikali miaka ya 1950 walipokua na watu wengi na madaktari wachache. Hilo bango halikusema.

Mezani kwa daktari kuna mdoli wa plastiki kajaa vitone na mistari. Nikamuuliza dada wanakumbukaje vyote, maana vitone rasmi vya kuchoma ni 361. Akaniambia wanasoma miaka. Nilipokuja kusoma nikakuta stori tamu kuliko zote: mwaka 1027 kuna daktari wa mfalme, Wang Weiyi, alitengeneza mtu wa shaba wa ukubwa wa binadamu, kila kitone kina tundu, wakati wa mtihani wanampaka nta yote wanamjaza maji ndani, mwanafunzi anachoma, akipatia maji yanatoka, asipopatia sindano haipiti. Huo mtihani hauna kudesa.

Tuje kwenye kuchomwa, maana ndo watu wanaogopa. Sindano ni nyembamba mno, robo milimita hivi, haina tundu katikati kwa sababu hamna dawa inayopita, ile ya hospitali ya kawaida ya kijani unene wake ni milimita 0.8. Zinakuja kwenye pakiti zimefungwa, dada anazifungua mbele yako, anafuta ngozi na spiriti, zikitumika zinaingia kwenye lile boksi la njano la kutupia sindano na hazirudi. Nimeangalia hili kila nilipokwenda kwa makusudi. Ukienda sehemu ukakuta sindano zinatolewa kwenye kopo la spiriti vaa viatu uondoke, homa ya ini B haijali kama aliyekuchoma ana cheti cha Beijing.

Kupima sehemu wanatumia vidole vyako mwenyewe, upana wa dole gumba lako ndo rula, vidole vinne pamoja ni vipimo vitatu, kwaiyo kitone cha mtu mrefu na cha mtu mfupi kila mmoja anapimwa kwa mwili wake. Hili nilipenda.

Mimi zilikaa kiunoni pande zote mbili za uti wa mgongo, moja kwenye tako, moja nyuma ya goti, moja pembeni ya kigimbi, moja nyuma ya kifundo cha mguu kwa nje. Nikauliza kiuno kinauma goti linaingiaje? Kumbe njia wanayoiita ya kibofu inaanzia kwenye kona ya jicho karibu na pua, inapanda kichwani, inashuka mgongoni mistari miwili, tako, nyuma ya paja, nyuma ya goti, kigimbi, inaishia kwenye kidole cha mwisho cha mguu, vitone 67. Fuatisha kwa mkono wako halafu linganisha na maumivu ya neva ya mguu yanavyoshuka. Mimi nilinyamaza kidogo. Kile cha nyuma ya goti kinaitwa Weizhong na wana ubeti wa zamani wa kukaririsha wanafunzi kwamba shida ya mgongo na kiuno itafutwe pale.

Inauma? Ngozi hausikii kitu cha maana. Ila daktari akishaingiza anaizungusha taratibu akitafuta wanachokiita de qi, na hapo ndo kuna shughuli, unasikia uzito, kuvuta, ganzi inayosambaa, sio maumivu ya kuchomwa. Ile ya kwenye tako ni ndefu, inazama kwelikweli, akaigusa mahali mguu mzima ukaruka wenyewe mpaka kidoleni na mimi nikataja jina la Yesu kwa sauti, nje kule wakacheka. Baada ya hapo unaachwa nusu saa hivi. Wakaunganisha vibana viwili na kamashine kadogo ka umeme kanakopiga tik tik tik kwenye misuli, unaongezewa mpaka useme basi. Hako ni ka kisasa, wazee wa kale hawakua nako, na mwenye betri ya moyo asiunganishwe.

Siku nyingine wakaongeza moksa, majani makavu yaliyosokotwa wanayachoma karibu na ngozi, joto linaingia taratibu na chumba kinajaa moshi wenye harufu ambayo utarudi nayo nyumbani na utaulizwa ulikua wapi. Majani hayo ni ya ukoo wa artemisia, ndugu wa ile artemisia ambayo wakulima wa kanda hii waliwahi kuilima kwa ajili ya dawa ya malaria. Hapa ndo napenda watu wapaangalie vizuri: dawa moja kati ya mbili zilizomo kwenye ALu ya malaria tunayomeza wote ilitoka kwenye kitabu cha tiba cha Kichina, ila ilitoka kwa mama mmoja mwanasayansi, Tu Youyou, kukichukua kile kitabu akakipeleka maabara, akajaribu, akatenganisha kinachofanya kazi na kisichofanya, mpaka 2015 wakampa Nobel. Kua kwenye kitabu cha zamani peke yake hakukutosha.

Vikombe pia wanavyo, vya kioo, wanapitisha moto ndani halafu wanavigandisha mgongoni, ndugu zetu Waislamu wanaijua hijama ila hapa hawachanji, unatoka na miduara ya zambarau. Mimi kwangu vikombe vilikua starehe tu.

Matokeo. Mara ya kwanza nilitoka mwepesi sana, nikalala usingizi mzito, kesho yake jioni maumivu yakarudi. Ndo ilivyo, wenyewe wanasema mara mbili kwa wiki. Baada ya wiki kadhaa maumivu ya kushuka mguuni yakapungua sana, ganzi ya vidole ikabaki kidogo, kiuno chenyewe asubuhi bado kinakaza lakini naamka bila kushika ukuta, na diklofenaki nimeiweka kando. Wakati huo huo nilikua nafanya yale mazoezi ya karatasi ya hospitali na nilibadilisha springi za siti ya gari, kwaiyo mtu akiniambia ni siti ndo imekuponya siwezi kumbishia kwa nguvu zote. Na maumivu ya neva mengi yanapungua yenyewe na muda. Nyota nne sio tano kwa sababu hiyo.

Pale kwenye benchi kuna mama mmoja wa Usa River, magoti, tulikua tunakutana. Shikamoo mama. "Marahaba baba, leo tako lako likoje?" Benchi zima linacheka. Siku moja nikamuuliza anaelewa hizi habari za upepo na unyevu, akaniambia, "Mimi hayo siyaelewi na sijaomba kuelewa, nikitoka hapa napanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, wiki ikipita nashikwa tena." Kwa maoni yangu hiyo ni tathmini safi kuliko bango.

Ila mimi ni mtu wa kuchimba. Wajerumani walifanya kitu kizuri, matokeo yakatoka 2007: walichukua watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno wakawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza akupancha ya kweli kwenye vitone vyake. La pili akupancha ya kuigiza, sindano zinaingizwa juu juu tu, sehemu ambazo sio vitone, bila kuzungusha. La tatu matibabu ya kawaida, dawa na fizio na mazoezi. Baada ya miezi sita waliopata nafuu ya maana kundi la kwanza ni asilimia 47.6, la pili 44.2, la tatu 27.4. Isome tena hiyo. Sindano zimeyapita matibabu ya kawaida kwa mbali, lakini sindano za kweli na za kuigiza zimekimbizana mpaka huwezi kusema nani kashinda. Maana yake, kuchomwa, kulazwa nusu saa, kuguswa na mtu anayekusikiliza, mwili kutoa dawa zake za ndani za maumivu, hivyo kuna kitu vinafanya, ila ile ramani ya njia 12 na vitone 361 inabaki na maswali ya kujibu. Ndo maana wakubwa hawakubaliani: Waingereza kwenye mwongozo wao wa 2016 waliitoa kwenye maumivu ya kiuno, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2023 wa maumivu sugu ya kiuno wameiweka kati ya vinavyoweza kutumika. Mimi kama mgonjwa sina tatizo na hilo, nalipa elfu 40 kupunguza maumivu, silipi kuthibitisha falsafa. Lakini mtu akiniambia sindano inatibu kisukari, inayeyusha uvimbe kwenye kizazi, inaondoa presha uache vidonge, hapo tunaachana.

Na hapo ndo lawama yangu ilipo. Ukishatoka kwenye sindano umelegea, umefurahi, kijana wa mapokezi anakukaribisha chumba cha pili. "Bro, kuna kipimo cha mwili mzima, dakika tano tu, leo ofa." Unashika kidude cha chuma mkononi kimeunganishwa na kompyuta, mistari inacheza cheza, inatoka ripoti kurasa na kurasa: ini lina mafuta, damu nzito, kalsiamu imepungua, sumu mwilini, nguvu za kiume ziko chini. Kila tatizo lina boksi lake kwenye shelfu nyuma yako. Hesabu yangu ilikuja laki nne na kitu. Nikamuuliza chuma nimeshika mkononi kimeonaje mafuta ya ini, akaniambia ni mawimbi. Mawimbi gani? Ya Kichina.

Hicho kitu hakina uhusiano wowote na akupancha. Yule mama daktari kanishika mapigo, kaangalia ulimi, kauliza maswali mpaka ya choo, hiyo kubali au kataa ni elimu yake na ina miaka mingi. Mashine ya kushika chuma haipo kwenye vitabu vyao vya kale na haipo hospitali, ipo kwenye mauzo tu, na mmeshaiona stendi na kwenye mahema ya maonyesho. Kinachoniuma zaidi ni nani anayeingia kile chumba, mama zetu wenye hela ya kahawa na ya ndizi, anaambiwa moyo umechoka anatoa laki tatu. Nilivyomlalamikia yule dada mtafsiri aliangalia chini tu, akasema hayo ni ya ofisi. Daktari mwenyewe sijawahi kumsikia akimtuma mtu kule. Na maboksi mengine maandishi yote ni ya Kichina, hujui unameza nini, wewe unatumia dawa ya presha au ya kuyeyusha damu unachanganya na nini?

Nani asiende, au aende hospitali kwanza. Mjamzito amwambie daktari kabla hajalala kitandani, kuna vitone kama kile cha kati ya dole gumba na shahada na kile cha juu ya kifundo cha mguu kwa ndani ambavyo wao wenyewe wanakataza kwa mwenye mimba. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme. Wa kuchomwa mabega na mgongo wa juu uliza uzoefu, sindano ikizama vibaya kule inaweza kutoboa pafu, ni nadra ila ipo. Usiende na njaa, kuna chalii alikuja bila kunywa hata chai akazimia na sindano mguuni, wakamtoa zote wakamlaza miguu juu wakampa soda, fresh tu, ila benchi lilinyamaza. Na kama mgongo unauma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku, kupungua mwili, hiyo inaweza kua TB ya mifupa, hapo ni hospitali, Mount Meru au KCMC. Mguu ukiishiwa nguvu ghafla, mkojo ukigoma au kutoka wenyewe, ganzi katikati ya mapaja, usisubiri miadi ya mtu yeyote, nenda emajensi usiku huo huo.

Mambo madogo. Wanafungua saa mbili asubuhi, Jumamosi kunajaa mno, katikati ya wiki mchana ndo pametulia. Vaa bukta ndani au suruali inayopanda mpaka juu ya goti, kina mama njooni na kanga, mashuka yao yanabadilishwa kila mtu ila mapazia ya kutenganisha vitanda ni mafupi na jirani anasikia kila kitu unachomjibu daktari. Parking ni ya gari tatu, wenye Cruiser acheni kwa mlinzi wa duka la jirani. Ukifika sema kabisa dirishani "naomba sindano tu", wakikuita chumba cha pili sema una wageni wanakusubiri uwanja wa ndege. Malipo kwa simu wanapokea, risiti ya mashine wanatoa ukidai.